Swali la Tisa

Saa mbili asubuhi, na mjini Kemi bado ni usiku.
Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani, taa nyeupe, karatasi laini za kufutia machozi,
na mimi, Marjut, na fomu yangu ya maswali kumi.

Tauno Kivelä amekaa na koti lake mwilini
kama mtu aliyeambiwa basi li karibu.
Miaka thelathini na mmoja alipika magogo yawe karatasi.
Kiwanda kimefungwa. Karatasi ya fomu hii
yatoka kwingine, nyembamba, yaonyesha vidole.
Anaipapasa pembeni, anaguna.

Namwambia: kila ajaye hapa huulizwa,
mwenye mafua, mwenye mimba, hata kasisi.
Hapa si mahakamani.
(Nimeyasema haya mara nyingi
hadi yamelika kama kipande cha sabuni.)

La kwanza: unakunywa mara ngapi?
"Kama watu."
Watu gani, Tauno?
Anatazama dirishani. Dirishani hamna watu.
"Andika mara mbili kwa mwezi."
Naandika. Kalamu haina pua.
Mimi ninayo: peremende,
na chini ya peremende, jana.

La pili: siku ukinywa, glasi ngapi?
Namchorea glasi, maana glasi ya fomu
ni ndogo, ina adabu,
humiminiwa na mtu asiye na haraka.
"Sisi hatupimi kwa glasi."
Mnapima kwa nini?
"Kwa taarifa ya habari. Ile ya jioni,
ile ya saa mbili unusu,
na ile ambayo huwa siikumbuki."

La tatu, la nne, la tano: sifuri, sifuri, sifuri,
mayai matatu katika kiota cha mwenye hofu.
La sita, la saba, la nane, vivyo hivyo.

Naiweka fomu kando kidogo, nauliza vidonge.
Vipo. Vya usingizi, vya marehemu mkewe.
"Alivilipia. Nitavitupaje?"
Pamoja na pombe?
"Havijui kutembea peke yao."
Nauliza sindano, naye anacheka, mara ya kwanza,
na kijana fulani anachungulia kupitia pengo la meno,
kisha anaondoka.
Namfunga mkanda wa presha juu ya kiwiko.
Mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne.
Mkono haujui kujibu kama watu.

Kisha la tisa. Je, wewe, au mtu mwingine,
ameumia kwa sababu ya unywaji wako?

Theluji yaporomoka kutoka paani, pu.

"Mbwa ni mtu?"

Sina kisanduku cha mbwa.

"Nilimfungulia mlango akojoe.
Nikakaa kitini kumngoja.
Nilipoamka, habari zilikuwa za kesho yake.
Alikuwa kwenye ngazi, pua yake kwenye ufa wa mlango.
Hakukwaruza sana. Mstari mmoja, miwili.
Alijua ninakuja."

Aliitwa nani?
"Nappi." Yaani Kifungo.
"Kwa sababu ya pua."
Lini?
"Kabla ya Krismasi hii iliyopita."

Hapo fomu ina majibu matatu tu:
hapana;
ndiyo, lakini si ndani ya mwaka huu;
ndiyo, ndani ya mwaka huu.
La mwisho lina alama nne.
Mkufunzi wangu angenigongea meza:
swali limesema mtu, Marjut, limesema mtu.

Naandika nne.

Anainama kuitazama tarakimu,
muda mrefu, kama mtu anayesoma jina
kwenye ubao mdogo uliochomekwa ardhini.
Hapingi. Anajipangusa pua kwa kiganja,
karatasi zangu laini hazigusi.
Nje, gari la kukwangua theluji lapita, larudi.

"Basi," asema, "turudi la kwanza."

Naifungua tena kalamu.
Yeye anavua koti.